Mrabaha wa watunzi kwa watoto wa SS

Tarehe 19 Juni ni siku ya dunia ya drepanositozi, ugonjwa ambao hapa Kolwezi kila mtu anauita SS. Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hiyo Desemba 2008. Siku za namna hii tunazijua: tishati zinachapishwa, watu wanatembea kidogo asubuhi, mkubwa mmoja anasoma hotuba, picha zinapigwa, na jua likipanda viti vya plastiki vinarudishwa kwa mwenyewe. Sina ubaya na siku hiyo. Tena imeangukia mahali pake, maana Juni kwetu ni wakati wa baridi, na baridi ya usiku ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu ya watoto hawa. Lakini mtoto wa SS hana siku moja. Ana tarehe 20 pia, na 21, na Novemba yote wakati mvua inaleta mbu. Kwenye duka la dawa hakuna anayemuuliza kama alitembea na tishati.

Leo nataka kuongea juu ya kundi ambalo hatulialiki katika habari hizi: watunzi. Nasema watunzi wote, wa vitabu, wa michezo ya kuigiza, wa nyimbo za kwaya na za baa. Naona wanaweza kuwaletea watoto wa SS fedha ambayo hotuba haiwezi kuleta, na hawahitaji kuwa matajiri kwanza. Najua msomaji ameanza kucheka. Mtunzi wa Kolwezi mwenyewe anakopa franga za simu, atamsaidia nani? Nivumilie kidogo.

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu kuna ndoa zinavunjika mitaani kwetu kwa kutouelewa. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita selimundu. Hauambukizi, hauletwi na jirani, na mtoto mwenye SS si ndoki. Unatoka kwa wazazi wawili, wote wawili. Baba akiwa AS na mama akiwa AS, wao wenyewe hawaumwi, wanafanya kazi zao, wanazeeka. Lakini katika kila mimba yao kuna nafasi moja kwa nne ya kumzaa mtoto wa SS. Kila mimba, si kila familia. Wanaweza kupata watoto watatu wazima, wa nne akazaliwa na SS, na hapo ndipo shangazi anaanza kuuliza mama alitembea wapi. Miezi ya kwanza mtoto anaonekana mzima, damu aliyozaliwa nayo inamlinda. Karibu na miezi sita mikono na miguu inavimba, macho yanakuwa ya manjano, analia usiku na hakuna anayejua anaumwa wapi.

Wataalamu wanakadiria kuwa Kongo yetu inazaa karibu watoto 40,000 wa SS kila mwaka. Ni Nigeria na India tu zinazotutangulia. Mtoto asipotunzwa, nafasi ya kufika miaka mitano ni ndogo, kwani homa moja ya kawaida au malaria moja inaweza kummaliza. Akitunzwa, anasoma, anaoa au anaolewa, anaweza kuwa mwalimu wako. Na kumtunza si miujiza. Ni penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, vidonge vya asidi foliki, chandarua, chanjo, maji mengi, nguo nzito wakati wa Juni na Julai, na kukimbia hospitali siku ileile homa inapoanza. Juu ya hayo kuna dawa inayoitwa hidroksiyurea.

Dawa hiyo nataka niisemee kidogo, kwa sababu wengi wanadhani ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2019 jarida kubwa la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Jina la kwanza katika orodha ya walioandika ni la Mkongomani, Profesa Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, Kinshasa. Watoto zaidi ya 600 walimeza hidroksiyurea. Matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ilishuka karibu nusu, haja ya kutiwa damu ikabaki theluthi moja, na vifo vikapungua. Watoto wa Kiafrika, na malaria zetu, na maji yetu. Kwa hiyo hakuna tena wa kutuambia kuwa haiwezekani huku.

Haiwezekani bila fedha, hilo ni kweli. Na ni fedha ya aina gani? Hapo ndipo sisi tunakosea. Mtoto wa SS hahitaji fedha nyingi siku moja. Anahitaji fedha ndogo kila mwezi, bila kukosa, miaka yote: dawa, kipimo cha damu cha kufuatilia dawa hiyo, nauli. Na angalia namna fedha inavyoingia Kolwezi. Baba anayechimba kwa mikono anaweza kupata mengi wiki hii, halafu shimo likajaa maji, wiki tatu anarudi nyumbani na mikono mitupu. Mama anayeuza unga wa bukari au mkaa anajua hesabu ya leo tu. Fedha ya mji huu inakuja kama mvua ya Oktoba, na dawa inataka bomba lenye matone.

Tuna mila ya kusaidiana, tena nzuri. Kukiwa na kilio, hakuna mtu wa kartye anayelala bila kutoa kitu. Sanduku linapatikana, basi linapatikana, chakula cha siku zote za kilio kinapatikana. Nimekaa katika vilio vya watoto ambapo kotizasio ya siku tatu ingetosha dawa ya muda mrefu sana. Tunatoa kwa mfu kwa sababu mfu hatarudi kuomba tena. Mtoto mgonjwa anarudi. Mara ya kwanza anapolazwa, familia nzima inafika, mjomba analipa damu, wa kanisani wanaleta matunda. Mara ya pili wanatuma fedha kwa simu. Mara ya tatu simu inaita tu. Si kwamba watu wamekuwa wabaya, wamechoka, na mama naye ameona kuwa wamechoka, kwa hiyo mara ya nne hapigi. Anangoja kwanza aone kama homa itashuka yenyewe. Kwa mtoto wa SS kungoja huko ndiko kunakoua.

Hata likelemba haimsaidii huyo mama, maana likelemba ina zamu na ugonjwa hauna zamu.

Kwa hiyo tunatafuta fedha isiyochoka. Na hapa nataka nikupeleke mbali, mpaka London, halafu tutarudi.

Mwaka 1929 mtunzi mmoja wa Uskoti, J. M. Barrie, aliombwa asaidie hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Alikuwa mtu maarufu, angeweza kuandika hundi, kupiga picha na kwenda nyumbani. Hakufanya hivyo. Aliipa hospitali haki za kazi yake moja, habari za Peter Pan, yule mtoto asiyekua. Kuanzia hapo, kila mchezo ulipoigizwa na kila kitabu kilipouzwa, sehemu ya mtunzi ilikwenda hospitalini. Barrie alikufa mwaka 1937. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule haki za mtunzi ziliisha miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo mwisho wa 1987 chemchemi ilikauka. Unajua walifanya nini? Mwaka 1988 bunge lao liliandika katika sheria kwamba hospitali ile itaendelea kupokea mrabaha wa mchezo ule nchini Uingereza bila kikomo. Aliyeipigania alikuwa waziri mkuu wao wa zamani, James Callaghan. Hadithi ya mtoto anayeruka dirishani bado inaiingizia hospitali fedha leo, na aliyeiandika amekaa kaburini karibu miaka 90.

Nimetumia neno mrabaha. Kiswahili cha Tanzania kinalitumia kwa mambo mawili: kile anachopewa mtunzi kitabu chake kinapouzwa, na kile ambacho kompani ya madini inalipa kwa kutoa mawe chini ya ardhi. Sisi wa Lualaba neno la pili tunalijua kwa Kifaransa, redevansi, na hata mtoto wa shule ya msingi hapa amelisikia. Mimi naona ni neno moja kwa sababu ni jambo moja. Umetoa kitu mahali, kitu hicho kinauzwa na kuuzwa tena, basi kidogo kirudi pale kilipotoka, kila kinapouzwa. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inasema redevansi igawanywe: 50 kwa mia Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mtaa au sekta ambamo mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tumegombana sana juu ya asilimia hizo, na tutaendelea. Lakini ndani ya ugomvi huo tumejifunza jambo ambalo watu wa mahali pengine hawalijui: zawadi ni kitu kimoja, redevansi ni kitu kingine. Zawadi unasema asante. Redevansi unaidai.

Barrie aliwapa watoto wagonjwa kitu cha kudai. Hilo ndilo ninalowaomba watunzi wetu.

Mwingine ni Mmarekani, Brenda Novak, anayeandika riwaya za mapenzi na za hofu, zile ambazo walimu wa fasihi hawazitaji. Mtoto wake mdogo alipatwa na kisukari cha utotoni, cha sindano kila siku. Mwaka 2005 alianzisha mnada kwenye intaneti. Aliwaomba watunzi wenzake watoe walichonacho: vitabu vyenye saini, chakula cha mchana pamoja na msomaji, kusoma mswada wa mtu anayejifunza kuandika. Akarudia mnada huo kila Mei, mwaka kwa mwaka, mpaka jumla ikapita dola milioni mbili kwa ajili ya utafiti wa kisukari. Kinachonigusa si milioni. Ni kila Mei. Mama mwenye mtoto wa kisukari anajua kuwa sindano hairuki mwaka, naye mnada wake haukuruka.

Na yuko wa tatu ambaye wasomaji wa Kiswahili tungepaswa kumjua zaidi. Roald Dahl, kabla ya kuandika vitabu vya watoto, alikuwa kijana wa kompani ya mafuta ya Shell huko Dar es Salaam mwaka 1938 na 1939, na alijifunza Kiswahili. Baadaye mtoto wake aligongwa na teksi, maji yakajaa kichwani, na Dahl akashirikiana na fundi mmoja na daktari mmoja kutengeneza kifaa kidogo cha kuyatoa, kilichosaidia watoto wengi wa watu wengine. Alipokufa mwaka 1990, mke wake alianzisha shirika kwa jina lake. Leo shirika hilo linasaidia kuweka wauguzi maalumu kwa watoto wenye magonjwa ya muda mrefu katika hospitali za Uingereza, na kati ya magonjwa hayo SS imo. Kwa hiyo kuna mtoto wa Kikongomani huko London anayeweza kushikwa mkono na muuguzi aliyewekwa pale kwa jina la mtu wa hadithi. Binamu yake wa Manika hana.

Sasa turudi nyumbani. Watunzi wetu ni nani?

Tusijidharau. V. Y. Mudimbe, ambaye vyuo vikuu vya dunia nzima vinamsoma, alizaliwa Likasi mwaka 1941. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, na riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014, inatoka katika vumbi hilihili la migodi. Imetafsiriwa na kupewa zawadi ng'ambo. Kabla yao, mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha hapa Katanga, kile cha nyumbani, si cha shule. Na kundi la Mufwankolo lilifanya watu wa Lubumbashi wacheke na kulia kwa Kiswahili hichohicho, bila kitabu chochote mkononi. Ukanda wa shaba umetoa maneno mengi, sio mawe tu. Ni kwamba mawe yalipata mzani, maneno hayakupata.

Mtu ataniambia: vitabu havinunuliwi Kolwezi. Kweli. Kati ya kitabu na unga, mama atachukua unga, na ana haki. Kwa hiyo nisiulizwe tena juu ya duka la vitabu, ninaongea juu ya kitu kingine ambacho Mkongomani ananunua kila siku kwa bei kubwa: jina lake.

Huko Uingereza na Marekani watunzi wana desturi katika minada yao ya kusaidia wagonjwa. Wanauza jina. Unatoa fedha, na katika riwaya ijayo kuna askari au mwizi au bibi arusi mwenye jina lako. Wazungu wanaona ni ubunifu mkubwa. Kwetu hiyo ni libanga! Ni nani katika nchi hii asiyejua libanga? Mwanamuziki anaimba mapenzi, katikati anataja mheshimiwa fulani, patro fulani, mama fulani wa duka la simenti, na kila jina limelipiwa. Tunanung'unika kuwa libanga limeharibu muziki wetu, na mimi ni mmoja wa wanaonung'unika. Lakini fedha hiyo ipo, inatoka mfukoni bila kulia, na mtoaji anafurahi. Katika mji wenye wanunuzi wa madini kama wa Musompo, wenye magari na wenye baa, kukosa watu watano wa kulipia libanga kwa ajili ya watoto wa SS itakuwa ni uvivu wetu, si umaskini.

Fikiria mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, wa saa moja na nusu, katika ukumbi wa parokia. Mfanyabiashara anayependa sifa anapewa jina lake katika mchezo, kwa bei. Akitaka kuwa mtu mwema, bei ni kubwa zaidi. Mpinzani wake akilipa ili yeye awe mlevi, hapo mtunzi afikirie mwenyewe. Ninacheka, lakini nina maana.

Na mtunzi asijilazimishe kuandika juu ya ugonjwa. Hili ni kosa la wengi wanaotaka kusaidia: wanaleta shairi la huzuni, watu wanapiga makofi kwa heshima, hakuna anayenunua. Peter Pan si hadithi ya hospitali. Riwaya za Novak si za sindano. Niletee kisa cha mapenzi cha watu wa Dilala kinachofanya abiria wasahau kushuka katika basi, kisha mrabaha wake uende kwenye dawa. Kisa kibaya hakiponi kwa kuwa kimeandikwa kwa nia njema.

Naomba kila mtunzi wa hapa, wa Likasi na wa Lubumbashi achague kazi moja. Moja tu, zingine abaki nazo ale. Aandike karatasi: sehemu yangu yote ya kazi hii, kila inapouzwa, kuimbwa au kuigizwa kwa malipo, ni ya dawa za watoto wa SS wa mahali fulani. Sheria yetu ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi muda wote wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Mtunzi mwenye miaka 30 leo, Mungu akimpa miaka 70, kazi hiyo itafanya kazi miaka 90. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937. Karibu umri wa mji mzima, kwa saini moja. Ni kompani gani hapa inaweza kukuahidi miaka 90?

Utaniambia mrabaha wa wimbo wa kwaya ni makuta tu. Inawezekana. Lakini makuta ya kila mwezi kutoka kazi 20 yanatosha mtoto mmoja, labda wawili, na mtoto mmoja si makuta. Tena makuta hayo hayapigiwi simu, hayaoni aibu, hayachoki mara ya tatu.

Kuna mambo matatu au manne ambayo yakikosekana ni bora tusianze. Fedha isipite katika mkono wa mtunzi, hata akiwa mtakatifu, wala isikae katika shirika lenye rais, katibu na mweka hazina wa nyumba moja. Iende moja kwa moja famasi ya hospitali, kwa jina la dawa, na wazazi wa watoto waweke saini pamoja na daktari. Barrie aliomba hospitali isiseme kamwe ni fedha kiasi gani kazi yake imeleta, na wameheshimu ombi lake. Huko London sawa, mimi nampa kofia. Huku kwetu, hapana. Huku kiasi kibandikwe mlangoni kila mwezi, kwa maandishi makubwa, ili mama asiyejua Kifaransa aweze kusoma: kimeingia hiki, kimenunua hiki, kimebaki hiki. Siri ya mtu mwema na siri ya mwizi zinafanana sana kwa anayeangalia toka nje.

Na picha za watoto zisiuzwe. Nimeona namna tunavyopenda kumsimamisha mtoto mwenye macho ya manjano mbele ya kamera ili mtoaji aonekane. Mtoto huyo kesho anakwenda shule. Wenzake wataona picha hiyo katika simu, na neno ndoki halijafa bado katika mji huu. Atakayesaidia na auze maneno yake mwenyewe, asiuze uso wa mtoto wa mwingine. Kwa nini nadhani watunzi wanafaa kazi hii kuliko wengine? Kwa sababu hiyo pia. Mtu anayejua kuunda mtoto kwa maneno hahitaji kumpiga picha aliyelala kitandani.

Sasa kuna hatari moja ambayo lazima niiseme, kwa sababu nawajua wakubwa wetu. Watunzi wakianza kununua dawa, kuna mtu ofisini atasema: vizuri, shida hiyo imepata wenyewe. Hapana, haijapata. Kanuni ileile ya 2018 inazidai kompani zitenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa miradi ya jamii zinazozizunguka, mbali na ile 15 kwa mia ya redevansi inayokwenda mitaani kama Dilala na Manika. Mauzo ya shaba na kobalti ya Lualaba si ya kuhesabu kwa vidole. Kipimo cha SS kwa kila mtoto anayezaliwa, hidroksiyurea katika famasi kila siku ya mwaka, damu salama iliyopimwa ikingoja mgonjwa badala ya mgonjwa kuingoja: hizo ni kazi za fedha kubwa, na fedha kubwa ipo kwa sheria. Raia ndio wanaopaswa kuketi katika vikao vya miradi hiyo na kusema tunataka nini. Mara nyingi tunasema jengo, kwa sababu jengo lina bango na siku ya kukata utepe. Tukiketi tena, wazazi wa SS wawemo.

Na hapo mtunzi ana kazi ya pili, ambayo haina mrabaha. Aandike hesabu. Mtu anayeweza kutufanya tumlilie msichana ambaye hakuwahi kuwepo, hashindwi kuandika ukurasa mmoja unaomfanya mtu wa kartye aelewe 0.3 kwa mia ni vidonge vingapi. Wahasibu wameshindwa kutueleza. Mashirika yanatuletea karatasi za Kifaransa zenye meza na mishale, na sisi tunazifungia karanga.

Nataka niongeze neno kwa wachungaji na mapadri, kwa sababu nyimbo nyingi za mji huu zinatungwa chini ya paa lao. Kwaya zinarekodi, zinauza, zinaalikwa kwenye harusi kwa malipo. Wimbo mmoja kutoka kila kwaya ungekuwa mwanzo mkubwa kuliko vitabu vyote. Na wakati mko hapo, kabla ya kubariki ndoa, waulizeni vijana kama wamepima AS. Si kwa kuwakataza. Wajue tu kabla ya kuzaa, wasije wakajua kwenye benchi la hospitali na kuanza kutupiana maneno.

Kuanza hakungoji Juni. Kama wewe ni mtunzi na umesoma mpaka hapa, usianze na kuchagua kazi. Nenda kwanza kwa wazazi wa SS wa mtaa wako, uulize dawa ya mwezi mmoja ya mtoto mmoja ni franga ngapi, na kipimo ngapi, na nauli ya kwenda na kurudi ngapi. Jumlisha mbele yao. Namba hiyo iandike juu kabisa ya karatasi yako, halafu chini yake ndipo uweke jina la wimbo, au la mchezo, au la kitabu.